Mwegea wa Nyumba ya Afande

Nyumba tuliyofanyia kazi, mimi na mume wangu, ilikuwa Kololo, kilima cha wenye nacho katika mji mkuu wa Uganda, na upande wa chini ilipakana na nyumba nyingine iliyofanana nayo kwa kila kitu. Zilijengwa na ndugu wawili Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa mjini. Mume wangu alitunza bustani zote mbili, mimi nilifua na kufagia. Ndugu hao walipoamriwa kuondoka nchini pamoja na Wahindi wenzao, walituachia funguo kana kwamba wanakwenda harusini Jinja, na mmoja wao, akiwa tayari ndani ya gari, alimkumbusha mume wangu asisahau kumwagilia mawaridi.

Nyumba ya juu ilichukuliwa na afisa wa jeshi. Sisi tulikabidhiwa kwake pamoja na viti na makabati, tukabaki katika chumba chetu cha nyuma. Nyumba ya chini ilichukuliwa na maafisa wawili kwa siku moja, kila mmoja na kibali chake, na vyeo vyao vilikuwa sawa. Basi kila mmoja akaweka mlinzi wake getini, na kila mlinzi akapewa amri asimruhusu mtu yeyote kuingia. Walinzi wale walikuwa watiifu. Muda wote niliokaa Kololo sikuona mtu akiingia katika nyumba ile, hata wale waliosema ni yao.

Kwa hiyo bustani ya chini ikabaki bila bwana. Makakara yalipanda juu ya paa, mapera yakaiva yakaanguka, mizambarau ikatupa matawi hadi juu ya ukuta wetu. Bwawa la samaki lilijaa majani na vyura. Wakaja kwera wakajenga viota, wakaja hondohondo, chozi, tetere, na kima fulani ambao hatukujua wametokea wapi, maana kati yetu na msitu kuna mji mzima. Jioni palikuwa na vimulimuli. Mume wangu alisimama ukutani akitazama kazi yake yote ya miaka ikiharibika, na alikuwa na furaha niliyoshindwa kuielewa.

Bustani ya juu ilikuwa jambo lingine. Afande wetu alipenda usafi wa kambini. "Bustani ni kama kichwa ya askari," alimwambia mume wangu. "Mimi nikipitisha mkono nasikia ngozi." Mume wangu akanyoa. Ua wa maua ukakatwa, mizambarau ikaangushwa, bwawa likafukiwa, majani yakafyekwa kila siku hata siku ambazo hayakuwa yameota. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, halafu mashina, halafu ndoo ya kuchanganyia chokaa. Mti mmoja tu ulinusurika, mwegea uliokuwa mbele ya nyumba, kwa sababu ulitia kivuli gari la afande. Ni ule mti wenye maua mekundu mazito yanayofunguka jioni na kunuka, na matunda marefu kama mkono wa mtu yanayoning'inia kwenye kamba ndefu. Kwetu Tororo tunauita yago.

Popo waliokuwa wakiishi katika mizambarau yetu walihamia kwenye mwegea. Afande hakupendezwa nao. Aliuliza ni kiumbe gani mwema anayetazama nyumba ya mtu akiwa kichwa chini. Jioni moja aliwaamuru askari wake wawapige risasi. Walipiga kwa bidii. Kambi iliyokuwa ng'ambo ya kilima iliposikia risasi nayo ikajibu, wala haikujua inamjibu nani. Kisenyi, mtaa wa chini mjini, walifunga maduka wakakimbia. Redio iliacha taarifa ikaanza kupiga muziki wa kijeshi. Asubuhi iliyofuata tulitangaziwa kwamba hali ni shwari na wananchi waendelee na kazi zao, nami nikaenda kuokota popo kwenye majani. Walikuwa wachache sana kwa kelele zile.

Waliobaki waliruka ukuta wakajitundika katika bustani ya chini. Askari walitaka kuwafuata kwa bunduki, lakini wale walinzi wawili wa getini walikataa, mmoja kwa niaba ya bwana wake na mwingine kwa niaba ya bwana wake. Risasi ikivuka ukuta ni kuingia bila ruhusa, walisema. Jambo hilo lilipelekwa juu na halikurudi. Afande akaridhika kufunga taa kubwa za kambi kuuzunguka mwegea, ziwake kuanzia jua linapozama ili popo wasithubutu.

Mume wangu alichukuliwa akiwa chini ya mti ule. Alikuwa ameamriwa apake shina chokaa upya. Gari lilisimama getini, wakamwita kwa jina lake, akaweka brashi juu ya mkebe akaenda kuwasikiliza. Hayo niliambiwa na mmoja wa walinzi wa chini, aliyeona. Mimi nilikuwa nyuma nafua. Sababu siijui. Nimewasikia watu wakieleza sababu za ndugu zao kuchukuliwa, na labda wao wanazijua. Afande alisema ametoroka kazi, akasaini hivyo, kisha akaniuliza kwa nini shina limepakwa upande mmoja. Upande uliobaki niliumaliza mimi.

Mtu aliyetoroka hana matanga. Kukaa chini na kumlilia ilikuwa sawa na kusema kwamba ameuawa, na ukisema ameuawa utaulizwa na nani. Sikunyoa nywele, sikuacha kazi, sikulia. Niliendelea kufagia, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye nilikuwa natazama.

Niliyoyaona ni haya. Udongo wa bustani zile mbili ulikuwa mmoja, mvua ilikuwa moja, ukuta kati yake haukufika kidevuni mwangu. Na bado upande wa pili sikuweza kumaliza kuwataja viumbe waliokuwamo, kila wiki nilisikia sauti nisiyoijua. Upande wetu si kwamba hapakuwa na viumbe. Walikuwapo wengi sana, ila walikuwa wa namna moja. Palikuwa na kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara, waliokuja kwa sababu magari ya taka yaliacha kupita na mabaki ya jikoni yalirundikwa nyuma ya nyumba. Walisimama juu ya majani yaliyonyolewa kama wageni waliokuja mapema. Palikuwa na panya, nzi na kunguru. Kiumbe aliyehitaji kichaka, tope, gogo lililooza au ua lenye asali hakuwa na la kufanya kwetu. Nilipotumwa mjini niliona vivyo hivyo madukani. Zamani duka moja la Wahindi lilikuwa na vitu vya kila aina mpaka unasahau ulichofuata. Sasa kulikuwa na maduka kumi yaliyopangana, yote yanauza viberiti.

Afande mwenyewe aliliona, ingawa kwa namna yake. Alipata habari kwamba mgeni wa nje aliyepangiwa kunywa chai kwake anapenda ndege, akatoka barazani akakuta kaloli. Aliwaamuru askari wapate ndege wa kawaida. Walinzi wa chini, kwa kuwa amri ilikuwa ya chai tu, walikubali kunyoosha mikono juu ya ukuta na kukamata wenyewe. Wakaletwa kwera na tetere ndani ya magunia, wakafungwa miguu kwa uzi kwenye mwegea. Mgeni alipofika walikuwa wamejizungusha kwenye tawi hadi nyuzi zikaisha, wamekuwa fundo moja lenye manyoya. Mgeni aliuliza ni ndege wa aina gani. Afande akajibu kwamba ni wa Uganda.

Baadaye, msimu wa mvua ndefu, nilipata ujumbe kutoka Tororo. Mama mkwe alikuwa mgonjwa na alijua kwamba hataamka. Hakuuliza kama mwanawe yu hai. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, kwa taratibu zote, ili asizunguke. Alitaka kumzika mwanawe kabla yeye hajazikwa. Miti ya yago iko tele kwetu, lakini mama mkwe alisema tunda lichumwe mahali alipoonekana mara ya mwisho. Sijui kama hiyo ni mila ya wote au ni yake peke yake. Yeye ndiye mama, hatukubishana naye.

Tatizo ni kwamba mwegea wetu haukuwa na tunda hata moja. Ulitoa maua mengi, kila asubuhi nilifagia zulia jekundu, lakini yote yalianguka matupu. Nikadhani ni chokaa. Nikadhani ni moshi wa magari. Mwisho nilimweleza yule mlinzi aliyeona mume wangu akichukuliwa. Alikuwa Mualur, na lugha yake na yangu ni jirani, ingawa tulizungumza Kiswahili kwa sababu ya mwenzake. Aliniita shemeji tangu mume wangu akiwapo. Alikuwa mtu wa kusema mambo mengi, siku hiyohiyo alikuwa amenihakikishia kwamba kaloli hawafi, huhamishwa tu kama askari.

"Shemeji, hii mti haiko mgonjwa," alisema. "Hii mti iko mjane."

Nilimwambia asinitanie.

"Sikutanii. Bwana yake ni popo. Anakuja jioni, anatia kichwa ndani ya ua, anaenda kwa ua ingine. Nyinyi mmefukuza bwana, mmewasha taa. Sasa mnataka mtoto atoke wapi?"

Nilimwangalia mwenzake, nikitumaini atacheka. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Kuanzia hapo nilijua kwamba maziko ya mume wangu yanategemea taa. Sikuthubutu kuzigusa. Nilichokuwa nacho ni kungoja, na kilichonisaidia ni uhaba. Balbu za taa za kambi zilianza kufa moja baada ya nyingine, na mji mzima haukuwa na balbu. Sokoni Kikuubo hapakuwa na balbu, kwa wanamagendo hapakuwa na balbu za ukubwa ule. Lakini afande hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba kwake ni giza. Kwa hiyo kila jioni askari mmoja alikwenda kubonyeza swichi, akasimama wima na kupaza sauti: "Taa zote zimewaka, afande." Kutoka barazani, ambako sasa sikumwona uso, afande alijibu, "Vizuri."

Chini ya taa zilizowaka namna hiyo, popo walirudi. Nilikaa kwenye kizingiti changu nikiwasikia wakipiga mabawa, wakiingia na kutoka kwenye maua kwa kelele ndogo za watu wanaogombania kiti. Asubuhi maua mengi yalianguka kama kawaida. Mawili hayakuanguka.

Matunda yale yalichukua muda mrefu kukua, na muda wote huo kutoka Tororo niliambiwa kwamba mama mkwe bado anangoja na kwamba ameacha kula ugali. Yalirefuka sambamba, yakawa mazito, kamba zake zikanyooka. Yalining'inia juu ya gari la afande. Siku moja alikuwa ameketi kivulini, akainua kichwa akayaona. Akaniita.

"Hii kitu ni nini?"

Nilifikiri kusema ni mboga. Sikuweza.

"Ni tunda, afande. Haliliwi. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, tunalizika hilo mahali pake."

"Wewe unataka kuzika nani?"

"Mume wangu."

"Mume yako alitoroka. Mimi nilisaini."

"Ndiyo, afande. Nataka kumzika hivyo hivyo alivyotoroka."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliangalia juu tena, kwa muda, halafu akaangalia barabarani. Wakati huo maafisa nao walikuwa wameanza kuitwa kwenye mikutano na kutorudi, na magari yao yaliporudi yaliendeshwa na watu wengine.

"Ile ingine ni ya nani?" aliuliza.

"Halina mtu."

"Basi ni yangu," alisema polepole. "Usiambie mtu."

Kesho yake askari yule wa swichi aliwekwa chini ya mwegea na bunduki, kuyalinda matunda. Amri ilikuwa kwamba yasiguswe na kiumbe yeyote ila wenyewe. Alikuwa akiwaelekezea kaloli mtutu na kuwaambia wasimame hapohapo, nao walisimama.

Afande hakukaa sana baada ya hapo. Aliitwa mkutanoni, akaondoka na sare iliyopigwa pasi. Mchana wa siku ya pili mke wake na watoto walipakia magodoro na jokofu kwenye lori wakaelekea kwao, magharibi ya Naili, bila kuniaga. Ilisemekana kwamba afande amekwenda kozi ng'ambo. Nyumba ikabaki na mimi, kaloli na askari chini ya mti, maana aliyemweka pale hakuwapo kumwondoa.

Matunda yalipokomaa nilimwendea. Alinikabidhi langu bila shida, kwa kuwa mimi ni mwenyewe. Nikamshukuru, nikageuka kwenda. Akaniita tena.

"Mama, na ya afande?"

Nilimwambia hilo si langu.

"Najua. Lakini ikibaki hapa mimi nabaki hapa," alisema. "Mimi nina watoto. Beba zote mbili, nakuomba."

Nilimwonea huruma. Na pia, niseme kweli, sikupenda kuwaachia kaloli kitu ambacho mtu alikuwa amekiita chake. Nilimfunga mume wangu ndani ya koti lake la kazi, afande nikamfunga kwa pazia la sebuleni, nikapanda basi la Tororo nikiwa nimewapakata wote wawili.

Kabla ya daraja la Naili kulikuwa na kizuizi cha jeshi. Tuliteremshwa, tukalazwa kifudifudi kando ya barabara, mizigo ikafunguliwa. Nilisikia bayoneti ikipasua kitambaa, halafu hatua za mtu akirudi nyuma.

"Hii bomu ni ya nani?"

Nilisema ni yangu, na si bomu. Nilisema, nikiwa bado nimelala, kwamba mmoja ni mume wangu.

"Na huyu?"

"Ni afande."

"Afande nani?"

"Wa nyumba ninayofanyia kazi. Amepotea."

Walinong'onezana. Aliyelala karibu nami alinieleza baadaye, maana yeye alithubutu kuinua jicho, kwamba mmoja wao alipiga saluti, na kwa kuwa hakujua cheo kiko kwa nani, aliyapigia yote mawili. Kisha waliyafunga wenyewe, kwa heshima na haraka, wakatuambia tupande. Barabara ilipoanza kutikisa basi ndipo nikaona kwamba koti na pazia vimefungwa pamoja, matunda yote mawili ndani, kwa mkono wa mtu asiyeuliza. Nilifungua nikatazama. Yalikuwa na urefu mmoja, rangi moja, uzito mmoja. Yalikuwa yamezaliwa na jioni moja kwenye tawi moja.

Nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa, la urefu wa mtu mzima. Mama mkwe alitolewa nje akalazwa mkekani. Alikuwa amebaki mdogo kama mtoto, lakini macho yake yalikuwa yaleyale. Nilipiga magoti nikamweleza mbele ya watu wote.

"Mama, mmoja ni mwanao. Mwingine ni yule afisa wa nyumba. Walichanganywa njiani. Sijui yupi ni yupi."

Ndugu za baba mkwe waliruka juu. Mmoja alisema mwanajeshi hawezi kulala ndani ya boma lao, tena mwanajeshi yule, atupwe nje ya ua. Mwingine akamuuliza atatupa lipi. Wakaanza kuyapima kwa kamba, wakayanusa, mmoja akadai kwamba lile la kushoto lina mabega ya ukoo. Mama mkwe aliwaacha waseme hadi wakachoka, halafu akataka alazwe nayo yote mawili, moja kila mkono. Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Mimi nilizaa mmoja," alisema. "Sitamtupa mwanangu kwa kuogopa mgeni. Walazeni wote."

Wakawalaza. Wanawake wakaanza kumlilia mume wangu kwa jina lake na kwa majina ya babu zake, na mimi nikasimama pembeni na macho makavu kama nilivyokuwa Kololo. Udongo ulipokuwa unarudishwa, mama mkwe alinivuta nguo.

"Huyu mwingine mama yake yuko wapi?"

Nilisema yuko mbali, magharibi ya Naili.

"Anajua?"

"Ameambiwa yuko kozi."

"Basi mlilie wewe, mke wetu," alisema. "Hapa hakuna mwingine anayemjua. Wewe ndiye uliyemfulia nguo."

Nikasogea kaburini. Nilianza na afande, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Wanawake walinyamaza kwa adabu wakingoja nimalize, wakangoja sana, kisha wakaona simalizi, wakaja wakanishika mikono na kunikalisha chini.